Kupiga picha za mwezi kwa lensi ndefu ukiwa Arusha au Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeyakusanya haya kwa sababu kila mwezi ukiwa mpevu maswali ni yaleyale, na majibu mengi watu wanayatoa kwenye video za watu wa Ulaya ambako mwezi hata haulali hivi unavyolala kwetu. Kama swali lako halipo hapa, basi soma la Kibo (kile kilele cha theluji cha Kilimanjaro), huenda limo humo.

Nikipiga natoka na duara jeupe tu kama taa. Kamera yangu mbovu?

Sio mbovu. Kamera ikiwa kwenye otomatiki inaona fremu nzima nyeusi, kimwezi kidogo katikati, inadhani usiku huu mwanga hamna kabisa, inafungua kila kitu, mwezi unaungua. Weka kichwani jambo moja: ule mwezi unapigwa na jua lilelile linalokupiga wewe saa sita mchana pale stendi. Kwa hiyo unaupiga kama kitu cha mchana. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), f/11 (ukubwa wa tundu la lensi), ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga), spidi ya shata 1/100 au 1/125, huo ni mwezi mpevu ukiwa juu angani. Ukitaka f/8 basi spidi 1/250. Piga moja, angalia, zuumu kwenye kioo uone kama madoa ya mwezi yanaonekana, rekebisha kidogo.

Nusu mwezi unahitaji mwanga zaidi, kama stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili). Watu wanashangaa, wanasema si nusu yake tu imewaka? Jumla ya mwanga wa nusu mwezi ni kama sehemu moja ya kumi ya mpevu, sio nusu, kwa sababu jua linaupiga ubavuni na kila jabali lina kivuli chake. Mwezi mchanga kabisa ongeza stopu nyingine, na ukiwa chini karibu na upeo, ule mwekundu mwekundu, ongeza tena maana unauangalia kupitia vumbi na hewa nzito.

Lensi ya milimita ngapi inatosha?

Chukua milimita za lensi gawanya kwa 110, unapata ukubwa wa mwezi kwa milimita kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Lensi ya 300 inakupa mwezi wa milimita 2.7 hivi. Ya 600 inakupa 5.5. Sensa ya kamera za APS-C (zile za kubadilisha lensi zenye sensa ndogo kuliko fulu-fremu) ina urefu wa kama milimita 15 kwenda juu, kwa hiyo hata na 600 mwezi unachukua theluthi tu ya fremu, na hapo ndipo watu wanakata tamaa wakati hamna sababu, kwenye kamera ya megapikseli 24 ile 300 inakupa mwezi wa pikseli kama 700 upana, ukikata pembeni inatosha kabisa kupost.

Ile 55-250 ya bei rahisi inafanya kazi, makovu ya mwezi utayaona. 70-300 ni nzuri kuanzia. Sigma na Tamron za 150-600 ndizo utakazoziona kwa madereva wengi wa safari hapa mjini, na huu ndio uzuri wa Arusha bwana, hakuna mji mwingine Tanzania wenye lensi ndefu nyingi kiasi hiki, kama una kaka au shemeji anayepeleka wageni Serengeti mwombe siku asiyokuwa na safari kabla hujaenda kutoa hela. Kuna na zile Nikon P900 na P1000 za zuumu kubwa, hiyo P1000 inafika sawa na milimita 3000, mwezi mzima haukai kwenye fremu, unatoka juu na chini. Inafurahisha, ila sensa yake ni ndogo, ukitaka kuprinti kubwa utaona tofauti.

Telekonvata je, kile kipande kinachokaa kati ya kamera na lensi kuongeza milimita? Ya 1.4 sawa, unapoteza stopu moja. Ya mara mbili unapoteza stopu mbili na kwenye lensi za f/6.3 fokasi ya otomatiki inaweza kugoma. Mara nyingi kukata picha baadaye ni bora kuliko kuweka konvata rahisi.

Nataka mwezi ukitokea nyuma ya Kibo. Niko Moshi, nisimame wapi?

Hili ndilo swali namba moja, na jibu lake wengi hawalipendi. Ukiwa Moshi mjini haiwezekani. Sio ngumu, haiwezekani. Kibo kutoka Moshi iko kaskazini moja kwa moja, na mwezi hauchomozi kaskazini hata siku moja. Unachomoza mashariki, ukisogea sana kuelekea kaskazini unafika kama digrii 61 kwenye dira, hapo ni mwisho wake. Zile picha unazoziona za mwezi mkubwa umekaa juu ya theluji na mbele kuna nyumba za Moshi, zimeunganishwa kwenye kompyuta. Mtu akibisha mwambie achukue dira.

Boma Ng'ombe nayo hapana, KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hapana, Marangu pia hapana. Unatakiwa uende mahali ambapo mlima uko mashariki kwako au magharibi kwako.

Upande wa magharibi wa mlima ndio rahisi. Sanya Juu, Kibo inakaa karibu digrii 69, hapo mwezi mpevu wa Desemba au Januari unaweza kukuangukia vizuri. Arusha mjini, kule sehemu za juu ambako mlima unaonekana, Kibo iko kama digrii 66, nayo inawezekana Desemba, lakini kwa kubanabana. Mwezi una mzunguko wake wa miaka 18.6, kuna miaka unachomoza mbali sana kaskazini na kusini na kuna miaka unabanwa katikati, mwaka 2024 na 2025 ulikuwa kwenye kilele cha kutanuka, sasa unarudi ndani taratibu mpaka 2034 hivi. Maana yake kufika kama 2029 au 2030 mtu wa Arusha mjini ataukosa mstari, itabidi asogee.

Asogee wapi? Mimi nampeleka Ngare Nanyuki. Kutoka kule Kibo iko karibu mashariki kabisa, kama digrii 80 na kitu, kwa hiyo huhitaji Desemba ya vuli yenye mawingu, mpevu wa Februari unakufaa, na Februari anga letu ndio safi. Hata mwishoni mwa Oktoba unaweza kujaribu kama mvua hazijawahi. Barabara ya vumbi, nenda mapema, tafuta sehemu mlima umetoka wote bila miti.

Watu wa Rombo nyie mna yenu: mwezi unazama asubuhi, jua linachomoza nyuma yako linapiga mlima kwa mbele, na mwezi mpevu bado uko magharibi. Ila kwa mji wa Mkuu kule inayotawala ni Mawenzi, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro, iko karibu na inaonekana ndefu kuliko Kibo, kwa hiyo tengeneza picha ya meno ya Mawenzi na mwezi pembeni yake, Desemba au Januari. Mstari kamili upime kwenye apu za PhotoPills au Stellarium ukiwa umesimama palepale, maana kusogea kilometa chache tu barabarani kunabadilisha kila kitu.

Apu imesema mwezi unachomoza saa kumi na mbili na nusu jioni, nimesubiri mbona hautokei?

Apu inahesabu kama vile mbele yako kuna bahari. Wewe mbele yako kuna mlima wa mita 5,895. Mwezi kwetu huku karibu na ikweta unapanda wima, kama digrii 15 kwa saa. Ukiwa Arusha mjini kilele cha Kibo kiko kama digrii tatu juu ya upeo, kwa hiyo ongeza dakika 12 hivi. Ukiwa Sanya Juu umeusogelea mlima, unaonekana mrefu zaidi, digrii saba na nusu kwenda nane, hapo ongeza nusu saa nzima. Na ukishatoka hausubiri mtu, unasogea upana wake wote kwa dakika mbili. Yani kuanzia ukingo wa juu unachungulia mpaka duara lote liko nje ni dakika mbili, uwe umeshaweka fokasi kwenye mlima kabla giza halijaingia.

Kuna kitu kizuri hapo. Kutoka Arusha ile sehemu bapa ya juu ya Kibo inachukua upana wa kama miezi mitatu na nusu ikipangwa pamoja. Na lensi ya 600 kwenye kamera ya APS-C inakupa fremu inayomeza kilele chote na kubakiza nafasi kidogo. Yani 600 na Arusha zinaendana vizuri sana, sijui kwa nini watu hawaitumii hiyo.

Usisubiri tarehe ya mpevu wenyewe pia. Siku moja kabla, mwezi unachomoza kabla jua halijazama, kila siku unachelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku ya kabla mlima bado una mwanga na mwezi nao, kamera inavishika vyote kwa mpigo mmoja. Siku ya pili yake mlima ni giza, utapata duara linaelea kwenye weusi na hakuna atakayejua kama ulikuwa Sanya Juu au Singida.

Na Mlima Meru?

Mjini hapana, Meru iko kaskazini kwako. Sogea upande wa Ngaramtoni, kule inakuwa kaskazini mashariki ya kutosha na mpevu wa Desemba unaweza kutokea nyuma yake, ingawa utaingoja sana maana mlima uko karibu na mrefu, kama digrii 10. Ukiwa Momella unakuwa upande wa pili, mwezi unazama nyuma ya Meru alfajiri.

Kwa hiyo Moshi tukale wapi?

Msinune. Kwanza mna ule mlima wenyewe ukiwa umewashwa na mwezi. Mpevu wa Juni na Julai unapita upande wa kusini, unaupiga mlima usoni kwenu, theluji inawaka. Hapo unaweka lensi ndefu pembeni, unachukua fupi, f/4, ISO 1600, sekunde tano mpaka kumi. Desemba mwezi unapita kaskazini kwa hiyo upande wenu wa mlima unakuwa na kivuli, sio mzuri. Tatizo la Juni na Julai ni mawingu yale ya baridi, ila usiku wa manane na alfajiri mlima huwa unafunguka, mchana ndio unajificha.

Pili, tumieni vitu vya mjini. Minara ya misikiti, minara ya makanisa, mnara wa saa pale kwenye mzunguko, mtu juu ya kilima, hata tanki la maji. Kanuni ni hii: chukua ukubwa wa kitu kwa mita, zidisha kwa 110, simama umbali huo, mwezi utakuwa na ukubwa sawa na hicho kitu kwenye picha. Mtu wa mita 1.7, mita 187. Kuba la msikiti la mita 5, mita 550. Ukisimama karibu zaidi kitu kinakuwa kikubwa mwezi unabaki kidonge. Watu wanafikiri lensi ndiyo inakuza mwezi, lensi inakuza vyote, miguu yako ndiyo inayochagua nani awe mkubwa. Mnara ukae mashariki kwako, sio kaskazini, hapo mtakuwa mmeelewana.

Mbona kwa macho ulikuwa mkubwa sana ukichomoza, kwenye picha mdogo?

Macho yanadanganya, sensa haidanganyi. Ukiwa chini kabisa mwezi ni mdogo kidogo kuliko ukiwa utosini, kwa sababu uko mbali nawe kwa karibu nusu kipenyo cha dunia, kama kilometa 6,400. Tofauti ya kweli ni ya mwezi wa karibu na wa mbali: unakuwa karibu kilometa 357,000 ukisogea, karibu 406,000 ukiwa mbali, na upana unatofautiana kama asilimia 14. Huo ndio wanaouita supamuni. Ukiziweka picha mbili sambamba utaona, ukiangalia mmoja peke yake hutaona kitu.

Picha zangu hazina makali hata nikiwa na tripodi.

Haya ndiyo ya kuangalia kwanza, kwa uzoefu wa watu wengi ninaowaona. Fokasi: usiamini ile alama ya infiniti kwenye lensi, washa kioo cha nyuma, zuumu mara kumi kwenye ukingo wa mwezi au kwenye mpaka wa kivuli, zungusha kwa mkono taratibu mpaka makovu yakate. Halafu zima otomatiki isije ikahangaika tena. Stabilaiza ya lensi zima ukiwa kwenye tripodi, nyingine zinatafuta mtikisiko ambao haupo zinautengeneza zenyewe. Usibonyeze kwa kidole, weka taima ya sekunde mbili au rimoti. Ile nguzo ya katikati ya tripodi usiipandishe, na kama ni tripodi nyepesi ninginiza begi chini.

Kuna watu wanasema weka spidi kubwa sana maana mwezi unakimbia. Unakimbia ndio, lakini na lensi ya 600 inabidi ufike kama 1/10 ya sekunde ndipo mwendo wake uonekane. Ukiwa 1/125 kinachokuharibia ni mtikisiko wako, sio mwezi.

Afu hewa. Hii haizungumzwi vya kutosha. Umesimama kwenye ghorofa, mbele yako mtaa mzima wa mabati yaliyopigwa na jua tangu asubuhi, saa moja usiku yale mabati bado yanatoa joto, na wewe unapiga juu yake na milimita 600. Ukitazama kwenye kioo ukiwa umezuumu utauona ukingo wa mwezi unachemka, unatetemeka kama maji ya chai. Hamna lensi itakayotibu hiyo. Hamia mbele ya shamba au bustani, au subiri mwezi upande. Kwetu unapanda juu sana, miezi mingine unapita karibu na utosi, hapo hewa ni kidogo na picha inakuwa kali kweli, shida inabaki shingo yako na kichwa cha tripodi kinachogoma kuangalia juu. Ukikosa, laza mfuko wa maharage juu ya ukuta au boneti ya gari, kama wanavyofanya porini, lensi ikae juu yake.

Siku gani mwezi unaonyesha mashimo vizuri?

Sio siku ya mpevu. Mpevu jua linaupiga usoni, vivuli hamna, unaonekana bapa. Piga siku ya sita mpaka ya kumi baada ya mwandamo, fuata ule mpaka wa mwanga na giza, kule ndiko mashimo kama Copernicus na Clavius na safu za milima zinasimama. Mpevu una faida yake moja, ile miale inayotoka shimo la Tycho inaonekana mpaka upande wa pili. Na usishangae picha za wenzetu wa kaskazini mwezi wao umesimama wima, wa kwetu mchanga unalala chali pembe juu.

Bendera ya Apollo naweza kuiona na 600?

Hapana. Pikseli moja ya picha yako inafunika zaidi ya kilometa mbili za mwezi. Eneo waliloshuka Apollo 11 Julai 1969, Bahari ya Utulivu, hilo utaliona, lile doa la kijivu.

Simu yangu inapiga mwezi mkali kuliko kamera yako, unasemaje?

Nasema hongera, ila mwaka 2023 kulikuwa na mzozo mkubwa baada ya mtu kupiga picha ya mwezi uliofifishwa makusudi kwenye skrini ya kompyuta, simu ya Samsung ikautoa na mashimo ambayo hayakuwepo kabisa. Programu inautambua mwezi na kuuongezea. Kama unapenda, tumia. Ukitaka ya kweli na simu, chukua darubini ya mkono ya dereva wa safari, bandika kamera ya simu kwenye jicho la darubini, shusha mwanga kwa kidole.

Kupatwa kwa mwezi lini tena kwetu?

Ule wa tarehe 7 Septemba 2025 tuliupata jioni nzuri. Unaofaa kuwekea alama ni 31 Desemba 2028, mkesha wa mwaka mpya, kupatwa kote ni kuanzia saa moja na robo usiku mpaka karibu saa mbili na nusu, na mwezi utachomoza ukiwa tayari umeanza kumegwa. Ukishakuwa mwekundu sahau f/11, fungua lensi yote, ISO 800 mpaka 3200, spidi ya nusu sekunde au sekunde moja, na kwa muda huo sasa mwendo wa mwezi unaonekana, kwa hiyo punguza milimita, 200 au 300 inatosha.

RAW au JPEG? Na kuunganisha picha nyingi?

RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), kama kadi ina nafasi. Kuunganisha kunasaidia sana, piga 50 au 100 mfululizo, ziingize kwenye programu ya AutoStakkert, itachagua zile ambazo hewa ilitulia na kuzilaza pamoja kuwa picha moja. Ni bure, iko ya Windows. Usizidishe kunoa tu, ukingo ukianza kuwa na mstari mweupe umepitiliza.

Usalama usiku?

Nenda wawili, mwambie mwenye shamba au mjumbe kabla, watu wakiona mtu na bomba refu gizani wanapata wasiwasi, na wana haki. Usielekeze lensi kambi za jeshi wala uwanja wa ndege.

Lensi yangu imeingia kama utando wa buibui ndani.

Hiyo ni kuvu, na masika ndio msimu wake. Ikiwa ndogo pembeni picha bado zitatoka, ila mwezi ukiwa fremuni utaona ukungu umeuzunguka. Mpelekee fundi anayefungua lensi kweli, usimwagie spiriti mwenyewe. Nyingine uzihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kukausha unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu, ubadilishe vikishalowa. Na ukitoka Ngare Nanyuki usiku wa baridi usiifungue begi hapohapo sebuleni, iache imefungwa mpaka asubuhi ipate joto la nyumba.